Alama za Vema

"Asilazwe chali," sista alisema. "Tumbo au ubavu. Mgongo usiguse kitu chochote. Na kitambaa kisikauke."

Baba, msagaji wa unga, aliitikia kwa kichwa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa na umri wa saa nne. Alilala kifudifudi kwenye kitanda kidogo cha kioo, uso umegeukia ukutani, na chini kidogo ya kiuno, mahali ambapo mgongo wa binadamu huwa umeshafungwa na kusahauliwa, palifunikwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Sista alikuwa amekiinua mara moja tu ili baba aone. Chini yake palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu, wenye ngozi nyembamba kama ya kitunguu.

"Jina la mtoto?" sista aliuliza, kalamu mkononi.

"Bado."

Kwa miezi yote ya mimba walikuwa wakimwita Nanii. Mkewe alimwita yeye Baba Nanii, naye alimwita mkewe Mama Nanii, wakacheka wee, kana kwamba jina ni kitu cha kuchukua tu rafuni siku ikifika. Sasa sista aliandika "mtoto wa kike" na kupiga mstari chini.

"Atatembea?"

"Kesho asubuhi daktari wa upasuaji atamfunga. Kufunga ni kuzuia madhara yasizidi. Miguu tutaiona pole pole."

"Lakini ilikuwaje? Alianguka? Mama yake, namaanisha."

Sista alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya raba vilivyochoka. Alivuta kipande cha bendeji kutoka mfukoni, akakinyoosha kwenye kiganja chake.

"Hapana, haihusiani na kuanguka. Mtoto akiwa na wiki tatu tumboni, mgongo wake ni kipande bapa, kama hiki. Kingo zake mbili zinainuka, zinakuja katikati, zinashikana." Alikunja bendeji kwa vidole viwili. "Zikishashikana hapa, zinaendelea kufungana kwenda juu na kwenda chini, kama mtu anayefunga zipu mbili kwa mpigo. Ndiyo inakuwa ubongo na uti wa mgongo. Wiki ya nne ikiisha, kazi imekwisha. Wanawake wengi wakati huo hata hawajajua kama wana mimba."

"Na huyu?"

"Huyu zipu ya chini haikufika mwisho."

Msagaji alitazama ile bendeji. Ilikuwa imeanza kufunguka kiganjani.

"Sababu ni nyingi," sista aliendelea, "na nyingine hatuzijui. Ila kuna kirutubisho kimoja, foliki. Mwili wa mama ukiwa nacho cha kutosha kabla mimba haijatunga, hatari hupungua sana. Ukisubiri vidonge vya kliniki, umechelewa, mgongo umeshafungwa au umeshashindwa. Ndiyo maana viwanda vinatakiwa kukitia kwenye unga. Nyinyi mnakula unga gani, wa kiwandani?"

"Wa kiwandani."

"Basi alikuwa anakipata," sista alisema kwa upole, akimpa faraja aliyokuwa nayo.

Yule mwanamume alihisi uso ukimwaka mpaka masikioni. Kiwanda kinachosaga unga wanaoula ni chake kwa mikono, ingawa si chake kwa hati. Yeye ndiye fundi wa mashine ya unga iliyo nyuma ya stendi. Watu wa mji ule, ambao barafu wameiona kwenye friji tu, walimpa jina la Theluji kwa jinsi unga wake ulivyokuwa mweupe. Na unga ule ulikuwa mweupe kwa sababu kando ya mashine kuna kisanduku cha bati kinachodondosha ule unga wa manjano wa virutubisho, ambao wafanyakazi huuita dawa, na kisanduku kile alikuwa amekizima kwa mkono wake mwenyewe.

*

Mama yake Theluji alifika wodini mchana, na chupa ya uji mkononi, maneno yakimtangulia.

"Nilisema mimi. Nilisema au sikusema? Mtu anapanda juu ya stuli kufuta madirisha, ana mimba changa!"

"Mama, sikujua kama nina mimba," mkewe alijibu. Alikuwa ameegemea mto, midomo imekauka.

"Mwanamke anajua. Mimi nimezaa sita. Sita! Migongo yao imefungwa kama milango ya benki. Au nasema uongo?" Alimgeukia mwanawe. "Wewe mgongo wako una tundu?"

Kitanda cha pili mtu alicheka, akajikohoza. Wodi ilikuwa na vitanda vinane na masikio kumi na sita.

"Taratibu, Mama," Theluji alisema.

"Nende taratibu wapi? Watu wataniuliza, nitawajibu nini? Upande wetu hatuna kitu kama hiki."

Mkewe alifumba macho. Alipoyafumbua, hakumtazama mama mkwe, alimtazama mumewe.

"Kuna vidonge nilimeza. Vya kichwa. Nilimeza viwili, wewe ulisema kimoja kinatosha. Unakumbuka, Baba Nanii? Ndiyo kwanza mwezi wangu umechelewa, nikadhani ni uchovu. Tangu asubuhi nafikiria. Ni vile vidonge, eti?"

"Umeona!" Mama alipiga makofi mara moja. "Vidonge!"

Mkewe hakuondoa macho kwake. Aliuliza kama mtu anayenyoosha mkono avushwe barabara. Kilichohitajika ni neno moja la kumvusha. Theluji alikuwa nalo, zito kama gunia. Na kama angelisema lingefuatana na mengine: kisanduku, dawa, daftari.

"Labda," alisema.

Mkewe aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu na kuiona ni ya haki. Kisha akajigeuza ukutani, kama alivyolala mtoto wake.

Yako makosa mtu huyafanya kwa mikono na yako anayoyafanya kwa mdomo. Hilo la mdomo Theluji alilifanya mchana kweupe, mbele ya mama yake mzazi, na hakuna aliyemshika mkono.

*

Asubuhi, kabla ya saa ya upasuaji, alikwenda kiwandani. Hakwenda kufanya kazi. Alikwenda kutafuta tarehe.

Alikuwa amepiga hesabu. Ikiwa mtoto amezaliwa jana na amekaa miezi tisa, basi zile wiki nne za zipu ziliangukia mwanzo wa mvua ndefu, zile zilizonyesha miezi miwili na kuozesha mbao za darini. Na kisanduku alikizima wakati wa mvua hizo hizo. Hilo alikuwa na hakika nalo, kwa maana unyevu ndio ulioanzisha mambo. Dawa ilishika maji, ikawa inatoka kwa mabonge, unga ukawa na mabaka. Mwanamke mmoja alirudi na beseni, akalimwaga lote juu ya meza ya dirisha la kuuzia mbele ya foleni nzima. "Nilikuja kununua unga," alisema, "sikuja kununua manjano. Na nyie mnamwita Theluji? Theluji gani imekojolewa?" Foleni iliangua kicheko. Jioni ile ile Theluji alibonyeza swichi ya kisanduku chini.

Sasa swali lilikuwa moja tu. Alikizima mwanzo wa mvua au mwisho wake? Ikiwa ni mwisho, mgongo wa mwanawe ulikuwa umeshashindwa kwa sababu zake wenyewe, na yeye hahusiki. Ikiwa ni mwanzo...

Alimkuta Winchi, mpakiaji, akifagia sakafu. Jina hilo alilipata kwa kunyanyua magunia mawili kwa mpigo.

"Vipi mtoto?"

"Yupo. Winchi, unamkumbuka yule mama wa beseni?"

"Wa kukojolewa?" Winchi alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Ilikuwa mwanzo wa mvua au mwisho?"

"Mvua ni mvua, Theluji. Nakumbuka viatu vyangu vilikuwa vinaingiza maji. Lakini vinaingiza hadi leo."

Aliingia kijiofisini, akafungua daftari la dawa. Ukurasa mmoja, mwezi mmoja. Kila siku ilikuwa na mstari wake na alama ya vema: kisanduku kimewashwa, dawa imewekwa. Alirudi nyuma ukurasa baada ya ukurasa hadi miezi ya mvua. Vema. Vema. Vema. Jumatatu vema, sikukuu vema. Hakuna siku hata moja kalamu iliyosita. Hata jioni ya beseni, popote ilipo, ilikuwa na vema yake, yenye mkia ulionyooka vizuri, kwa maana Theluji alijivunia mwandiko wake pia.

Akakumbuka mifuko. Mkaguzi alipokuja alihesabu mifuko mitupu ya dawa na kuilinganisha na daftari. Kwa hiyo kila wiki Theluji alifungua mfuko, akaumwaga kwenye mtaro wa nyuma, akaukunja na kuupanga pamoja na mingine. Hesabu ilikuwa imenyooka. Mkaguzi alimpongeza, akasema laiti wote wangekuwa kama yeye.

Alitoka hadi mtaroni. Saruji ilikuwa na doa la manjano, limekolea, refu kama mtu aliyelala. Halikuwa na tarehe.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mahali pekee duniani palipoweza kumwambia "si wewe" ni daftari lile, na yeye alikuwa amelijaza uongo mpaka limekuwa bubu. Alikaa juu ya gunia, akalia. Winchi alimletea maji, akarudi kufagia.

*

Alipofika wodini mtoto alikuwa ameshapelekwa chumba cha upasuaji. Kitanda cha kioo kilikuwa kitupu. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti pekee, akimwelezea mwanamke wa kitanda cha jirani, mwenye mimba ya mapacha, habari za vidonge.

"Viwili! Aliambiwa kimoja, akameza viwili."

"Maskini," alisema wa mapacha, akimtazama Mama Nanii kama mtu anayetazama nyumba iliyoungua. Kisha akamwona Theluji na uso ukamchangamka. "He! Wewe si fundi wa unga? Ndiye mumeo? Basi nikwambie, mimi unga mwingine siutaki. Siku moja mume wangu alileta wa duka la kona, nikamwambia urudishe, mimi nakula wa Theluji. Tena mimba hii yote nimekula huo huo."

Vitanda viwili vitatu viliitikia. Wa kwenu mtamu. Wa kwenu haubaki na wishwa. Theluji alisimama katikati ya sifa zake kama mtu aliyesimama uchi.

Mkewe hakusikia, au alisikia hakujali. Alikuwa akizungumza na shuka. "Akitoka mzima, nitamwomba radhi," alisema. "Nitamwambia, mwanangu, mimi sikujua."

"Si wewe," Theluji alisema.

"Usinitie moyo."

"Sikutii moyo. Si vidonge wala stuli. Mama, nyamaza kidogo." Mama yake alikuwa hajasema kitu, alikuwa amevuta pumzi tu. "Sista alinieleza. Unga wa kiwandani unatiwa dawa, ya kusaidia mgongo wa mtoto ufunge. Wangu hauna. Nilizima kisanduku cha dawa. Walinicheka kwamba unga una manjano, nikakizima."

Aliyekuwa akikoroga chai alishika kijiko kisigonge kikombe.

"Lini?" mkewe aliuliza.

"Wakati wa mvua. Sijui siku. Nilikuwa naandika kwamba nimeweka."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na kila Jumamosi unaniletea mfuko wetu. Unaufungua mezani, unaniambia, Mama Nanii, hebu tazama weupe huo."

"Ndiyo."

Mwanamke wa mapacha aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo lake, kama mtu anayefunika chungu. Mama yake Theluji alianza kufuta chupa ya uji iliyokuwa safi.

Sista wa viatu vya raba alikuwa amesimama mlangoni na sinia la dawa. "Baba," alisema, "hakuna mtu anayeweza kusema ni hilo. Hata kwa waliokula kila kitu, hutokea. Hutajua kamwe."

Jana Theluji angeyashika maneno hayo kwa meno. Leo alimtazama mkewe tu.

"Jana," mkewe alisema, "nilipokuuliza. Uliposema labda. Ulikuwa unalijua hili?"

"Nilikuwa nalijua."

"Uliniacha nilale nalo."

Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alikunja pembe ya shuka, akaikunjua.

"Ya mashine sijui nitaifanyaje," alisema. "Huenda iko siku nitaielewa, mtu akichekwa hufanya mambo. Lakini hiyo labda yako, Baba Nanii, hiyo uliniangalia machoni ukanipa."

"Nisamehe."

"Kisanduku sasa hivi kimewashwa?"

Swali hilo hakulitarajia. Alikuwa ametoka kiwandani muda si mrefu. Alikuwa amepekua daftari, amekagua mtaro, amelia juu ya gunia. Swichi hakuigusa.

"Hapana."

"Hapana," mkewe alirudia. "Na hapo dirishani watu wamepanga foleni."

"Mtoto yumo chumba cha upasuaji. Sitaki kuondoka."

"Mtoto ana madaktari. Wale wa foleni wana wewe. Nenda."

*

Alikisugua kisanduku kwa brashi ya waya, akakikausha kwa kitambaa, akafungua mfuko mpya wa dawa na kuyapekecha mabonge kwa vidole mpaka kucha zikawa za manjano. Kisha akapandisha swichi. Kilikohoa, kikaanza kudondosha.

"Sasa watakuita Bizari," Winchi alisema, lakini kwa sauti ya chini.

Unga ulitoka na umanjano hafifu, kiasi cha kuonekana na mtu anayejua kutazama. Mzee mmoja dirishani aliuchota kwa vidole, akaunusa.

"Leo una nini huu?"

"Una dawa, mzee wangu. Ulipaswa kuwa nayo siku zote. Niliiacha mimi."

Mzee alimtazama, akatazama mfuko, akaondoka nao kwa shaka. Msichana aliyefuata aliuliza hivyo hivyo, akajibiwa hivyo hivyo. Wa tatu aliweka mfuko mezani, akarudi nyumbani mikono mitupu. Wa nne alimtukana.

Mwenye mashine alifika akitweta, habari ilikuwa imeshamfikia sokoni. Alimkuta Theluji kijiofisini, daftari limefunguliwa.

"Unaandika nini?"

"Nasahihisha."

"Una wazimu? Mkaguzi akiona hapa makosa, atatufungia. Mimi, wewe, Winchi, sote." Alisogea, sauti akaishusha, ikawa ya baba na mwana. "Sikiliza. Mambo yako nimeyasikia, pole sana. Weka alama ya kosa juzi na jana. Sema kisanduku kiliharibika juzi. Nani atabisha?"

Hakuna ambaye angebisha. Simu ya Theluji ilitetema mezani, akaipokea. Ilikuwa sauti ya mama yake, ndogo kuliko alivyowahi kuisikia. Mtoto ametoka. Mgongo umefungwa. Miguu bado hawajui. Na mkeo amesema nikuulize kama kimewashwa.

"Mwambie kimewashwa."

Alikata simu, akafunua kurasa kuelekea nyuma. Alipita juzi. Alipita miezi ya kiangazi. Akafika kwenye ule ukurasa wa mwisho wa mvua, kalamu ikateremka, ikakaribia karatasi. Akianzia hapa, mtoto alikuwa ameshaumbika. Akianzia hapa, ni bahati mbaya tu, na hakuna mtu hai ambaye angeweza kumsuta, maana hata yeye hakuwa na hakika.

Alifunua ukurasa mmoja zaidi, wa mwanzo wa mvua. Alitafuta siku ya kwanza, mstari wa kwanza, ile vema yenye mkia ulionyooka.

"Una uhakika ni hapo?" mwenye mashine aliuliza.

"Sina."

Akaipiga kosa. Kisha iliyofuata, kisha iliyofuata, taratibu, moja moja.